Kibanio cha Nguo kwenye Robo ya Mwisho

Riwaya yangu ya kwanza ya upelelezi haikuwa na mwisho. Niliikuta Ngamiani, mjini Tanga, kwa muuza karanga mwaka 1972, nina miaka kumi na miwili. Mzee amekaa kwenye kigoda, kitabu kiko mapajani, anachana kurasa kuanzia nyuma, anazikunja pembe na kuzijaza karanga. Nikanunua za senti kumi, nikala njiani, nikafungua karatasi nikaanza kusoma. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshamaliza upande wa kwanza na wa pili. Nikarudi mbio. Mzee akanitazama, akanipa kilichobaki kwa bei ya karanga za nusu shilingi, akasema, "Haya mwanangu, chukua. Ila mwisho wake umeshaliwa."

Kilikuwa Simu ya Kifo cha Faraji Katalambula, kitabu kilichotoka mwaka 1965. Nilikisoma usiku kwa taa ya chemli, mama ananigombeza kwamba nitapofuka, hadi nikafika pale muuza karanga alipomkatiza mpelelezi wake, Inspekta Wingo. Wiki nzima sikutulia. Nikamshtaki huyu, nikamwachia. Nikamkamata yule, nikamwachia. Mwishowe nikachukua daftari la hesabu, nikaandika nyuma yake: muuaji ni fulani, na nimejua kwa sababu ya ukurasa huu na huu. Hata leo, baada ya miaka mingi ya kuandika hadithi zangu mwenyewe, sijapata njia ya kusoma iliyo bora kuliko hiyo ya kulazimishwa na muuza karanga.

Mpwa wangu ameniuliza kwa mara ya tatu: "Shangazi, nipe orodha. Nisome nini, nitazame nini, ili na mimi niandike?" Orodha nitampa, maana vipenzi vyangu navijua na sivionei haya. Lakini orodha bila namna ya kuitumia ni kupewa nazi bila mbuzi. Kwa hiyo naanza na mbuzi.

Kwanza kibanio

Tafuta kibanio cha nguo. Cha mbao, chenye waya mgumu. Vile vya plastiki vya rangi rangi huchoka haraka. Tafuta penseli na daftari la kawaida la shule. Hayo tu.

Chukua riwaya, angalia idadi ya kurasa, gawanya kwa nne. Kama ina kurasa 200, simama kwenye ya 150 na uibane robo iliyobaki kwa kibanio. Usiku huo usiifungue. Kwenye daftari andika mambo matatu: nani kaua, kaua vipi, na wewe umejuaje. Hilo la tatu ndilo lenye kazi, kwa sababu ni lazima uandike namba za kurasa. "Nilimwona tu ana sura mbaya" haikubaliki. Mahakamani, nilikokuwa mpiga chapa, ningekuwa nimechapa sentensi hiyo na wakili angeirarua kabla wino haujakauka.

Kesho yake toa kibanio, maliza. Sasa pima. Ukipatia na kurasa zako ni sahihi, hongera, lakini kitabu hicho kimekuwa chepesi kwako, mpe mtu mwingine. Ukipatia kwa kubahatisha, umepata sifuri. Ukikosea, rudi nyuma utafute: je, mwandishi alikuonyesha ukapita bila kuona, au alikuficha? Kama alikuonyesha, kitabu hicho kiweke kabatini, ni kipenzi. Kama alikuficha, yaani muuaji ni binamu aliyetokea ukurasa wa 190 kutoka Songea, mpelekee muuza karanga.

Mpwa wangu aliniambia njia hii inaua utamu. Nikamjibu kwamba enzi zetu filamu za Kihindi zilikuwa na mapumziko katikati, na hakuna utamu niliowahi kuupata kama ule wa kusimama nje ya sinema ya Majestic wakati wa mapumziko, mkono mmoja una bisi, huku mama mkubwa anabishana na watu asiowajua kuhusu nani mwongo. Mapumziko yalikuwa kibanio chetu. Leo watu wanatazama moja kwa moja, wakimaliza wanafungua nyingine, na ukiwauliza kesho yake muuaji alikuwa nani hawakumbuki.

Kwa filamu basi, fanya hivyo hivyo. Ya saa mbili isimamishe kwenye saa moja na nusu. Shika rimoti wewe mwenyewe, usimwachie kijana.

Mkono wa mtu

Huku kwetu mtu akifa ghafla, kabla hajaoshwa utamsikia mtu mkekani akinong'ona: kifo hiki kina mkono wa mtu. Mgeni atadhani wamemwona mwenye kisu. La, wanasema uchawi. Na Tanga ni Tanga. Watu husafiri kutoka mbali kuja kuwatafuta waganga wa huku. Mwandishi wa upelelezi wa Kiswahili ana kazi ambayo mwenzake wa London hana. Kabla hajamtafuta muuaji, inabidi kwanza awashawishi watu waliokaa msibani kwamba mkono wenyewe una vidole, na vidole vina alama.

Ndiyo maana kipenzi changu cha kwanza kabisa, juu ya vyote, ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Kilishinda shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957 na 1958, kikachapishwa mwaka 1960. Mtu anakutwa amekufa mahali pa mizimu, watu wana maelezo yao tayari, na hapo anaingia mpelelezi, Bwana Msa, na kiko chake, na rafiki yake Najum pembeni. Wengi husema Bwana Msa amemwiga yule Mwingereza wa Baker Street, Sherlock Holmes. Kwa kiko, sawa. Lakini yule Mwingereza ni mara chache alifanya upelelezi kijijini ambako kila mtu ameshamjua mhalifu, naye ni mzimu.

Ukikisoma kwa kibanio, weka safu mbili kwenye daftari. Kushoto andika kila jambo linaloelezwa kwa mzimu. Kulia andika jambo hilo hilo lingeelezwaje kwa mtu mwenye miguu miwili. Ukifika robo ya mwisho, safu ya kulia itakuwa imeanza kujaa bila wewe kutaka. Zoezi hilo lilinifunza zaidi ya semina zote nilizowahi kualikwa, pamoja na ile iliyokuwa na pilau.

Kuna jambo jingine kuhusu Abdulla. Kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, alikuwa mkaguzi wa afya huko Unguja. Mkaguzi wa afya ni mtu anayeingia uani mwako, anafunua pipa la maji, anatazama nyuma ya choo, wewe unatabasamu naye anaandika. Soma Bwana Msa ukijua hilo. Agatha Christie naye, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali mjini kwao Torquay. Ndiyo maana sumu zake hazibabaishi, dozi anaijua. Nina tabia ya kuuliza kila mwandishi wa upelelezi alikuwa akifanya kazi gani kabla. Mimi nilikuwa mpiga chapa mahakamani, na nitafika huko.

Christie nina kimoja tu cha kukusukumia: The Murder of Roger Ackroyd, cha mwaka 1926. Siwezi kukieleza bila kukiharibu. Kiliwaudhi wasomaji wengine, wakadai wamechezewa rafu. Wewe kisome kwa kibanio, kosea (utakosea), kisha kianze upya kuanzia ukurasa wa kwanza siku hiyo hiyo kabla hasira haijapoa. Piga mstari chini ya kila sentensi ambayo sasa ina maana nyingine. Mimi nilitafuta sentensi moja ya uongo ili nimshtaki yule mama. Sikuipata. Hiyo ndiyo chenga halali: mpira unauona, mguu unauona, na bado unakwenda upande mwingine kama beki wa Coastal Union siku mbaya.

Kitu ambacho hakikutokea

Mwaka 1892 Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Holmes, alitoa hadithi fupi ya farasi wa mashindano aliyetoweka usiku. Inaitwa Silver Blaze. Dokezo lake kuu ni mbwa wa zizini ambaye usiku ule hakubweka. Watu wa upelelezi wameitaja hadi imechakaa, na mimi naitaja tena, kwa sababu wengi huisifu halafu hawaitumii.

Itumie hivi. Amka kabla ya alfajiri, kaa barazani kwako, daftari liko mapajani. Andika kila sauti hadi saa moja na nusu asubuhi. Kwangu, mtaa wa Chumbageni, orodha ni hii: adhana ya msikiti wa karibu, halafu ya mbali inayochelewa kidogo, fagio la majani uani kwa jirani, baiskeli ya muuza mkate na honi yake ya mpira, ndoo bombani, redio ya fundi cherehani, watoto wa shule. Fanya siku tatu. Sasa ondoa sauti moja tu na ujiulize, ikikosekana, nani atagutuka, na kwa nini imekosekana?

Hadithi yangu iliyosomwa zaidi ilizaliwa hapo. Muuza mkate alipita kama kawaida, ila mbele ya nyumba moja hakupiga honi. Kwa nini? Alijua hakuna mtu wa kununua. Alijuaje?

Nilifurahi mno na dokezo langu. Nikaipeleka kwenye gazeti moja lililokuwa likichapa hadithi kwa mfululizo, jina lake nalihifadhi. Likatoka toleo la tatu, nimeketi na chai, nafungua: aya ya honi haipo. Wameikata ili tangazo la magodoro lienee. Toleo la tano muuza mkate anakamatwa, na wasomaji wakanipigia simu wakiniuliza nimemtoa wapi. Mmoja, mzee wa watu, aliniambia kwa upole kabisa, "Bibie, ungemtayarisha kidogo." Nikashindwa hata kujitetea. Tangu siku hiyo kila dokezo naliweka mara mbili, sehemu mbili zilizo mbali, kwa maneno tofauti. Na wewe fanya hivyo, kwa sababu ya wahariri na kwa sababu ya wasomaji wanaosoma ndani ya daladala.

Jioni kwenye skrini

Kwa skrini nina vipenzi vinne, na kila kimoja nakitumia kwa kazi yake.

Ittefaq, filamu ya Kihindi ya mwaka 1969 ya Yash Chopra, niliitazama Majestic na mama mkubwa. Rajesh Khanna ni mchoraji anayetuhumiwa kumuua mkewe. Anatoroka hospitali ya vichaa na kujificha kwenye nyumba ya mwanamke, Nanda. Karibu yote ni usiku mmoja, nyumba moja. Na haina wimbo hata mmoja. Ukumbini watu walikaa wakisubiri wimbo, dakika ya ishirini, dakika ya arobaini, mmoja akapiga kelele kumwuliza mwendesha mashine kama amekata nyimbo akazipeleka nyumbani kwake. Baadaye kelele zikaisha. Mama mkubwa alinishika mkono hadi kucha zikaniingia. Itazame halafu chora ramani ya nyumba ile kwenye daftari: milango, ngazi, simu. Ukishindwa kuichora, itazame tena. Hadithi yako mwenyewe ukishindwa kuichorea ramani, usiendelee kuiandika.

Columbo nilikutana naye kwenye kanda za video za kukodisha. Alianza kwa filamu ya mwaka 1968, mfululizo wenyewe ukaanza 1971, Peter Falk na koti lake lililokunjamana. Kule muuaji unamwona dakika za mwanzo, akiua. Mpwa wangu akasema, sasa kuna fumbo gani hapo? Fumbo ni atakamatwaje. Wala si jambo geni kwetu. Ukiwa kwenye kahawa usiku, msimulizi anaanza kwa kusema nani mwizi, na hakuna anayeondoka, wanataka kujua alinaswaje, kikombe kinapoa mkononi. Mwingereza R. Austin Freeman aliandika hadithi za namna hiyo zikatoka kitabuni mwaka 1912. Hapa kibanio hakina kazi. Badala yake, muuaji akishaua, simamisha na uandike makosa yake yote uliyoyaona. Kisha hesabu Columbo ameona mangapi zaidi yako. Mimi rekodi yangu ni matatu dhidi ya matano.

Drishyam ilitoka kwa Kimalayalam mwaka 2013, na ya Kihindi yenye Ajay Devgn mwaka 2015. Ya Kihindi ndiyo iliyoenea hapa, kwenye flashi na kwenye vibanda umiza. Mwanamume mwenye biashara ya televisheni ya waya, aliyeishia darasa la nne, amejifunza kila kitu kwa kutazama filamu. Yakimfika, anaijenga siku nzima ndani ya vichwa vya watu wengine. Naipenda kwa sababu shujaa wake ni mtazamaji kama sisi, na kwa sababu nimechapa utetezi wa namna ile mara nyingi: "siku hiyo sikuwepo, nilikuwa Korogwe kwa shemeji." Sheria yetu inamtaka mshtakiwa mwenye utetezi huo atoe taarifa mapema, si kuuchomoa mfukoni siku ya kujitetea. Tazama Drishyam ukiandika tarehe pembeni. Kila mtu anapoulizwa, andika anakumbuka nini na nani alimpa kumbukumbu hiyo. Utashtuka.

Ya nne, Nairobi Half Life ya mwaka 2012, hiyo naisikiliza zaidi ya kuitazama. Mwas anatoka kijijini akiwa na ndoto ya uigizaji, anaporwa siku ile ile anayofika jijini. Geuza kiti, uangalie ukuta, sikiliza. Kila mhusika utamjua kwa kauli yake, nani kazaliwa mjini na nani anajifanya. Kisha soma kwa sauti mazungumzo uliyoandika wewe. Kama jambazi wako na hakimu wako wanaongea Kiswahili kimoja cha kitabuni, una kazi.

Willy Gamba, yule jasusi wa vitabu vya Elvis Musiba, je? Nilimpenda sana. Kufa na Kupona kilitoka 1974, nina miaka kumi na minne, na kijana gani wa miaka hiyo hakutaka kuwa Willy Gamba au kuolewa naye. Lakini ni vitabu vya mbio na bastola, kibanio hakishiki. Visome kwa mwendo, ukiwa safarini, basi la Dar linatosha.

Nilichokiona kwenye mashine ya kuchapa

Sasa tuje kwenye jambo linaloharibu hadithi nyingi za vijana ninazoletewa. Mhusika ameua Jumatatu, Ijumaa yuko kizimbani Tanga, mwendesha mashtaka anazunguka ukumbi akipaza sauti, na baraza la watu kumi na wawili linatoa uamuzi. Hilo limetoka kwenye runinga. Filamu ya 12 Angry Men ya mwaka 1957 ni nzuri ajabu, nimeitazama mara sita, chumba kimoja na watu wanaotoka jasho. Lakini ni Marekani. Kwetu hakuna baraza hilo. Miaka yangu kulikuwa na wazee wa baraza walioketi na jaji Mahakama Kuu na kutoa maoni yao. Jaji aliyasikiliza, na hakufungwa nayo.

Kesi ya kuua kwa kukusudia, kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, huanzia mahakama ya chini ambayo haina uwezo wa kuisikiliza. Mshtakiwa anasomewa shitaka na kuambiwa asijibu chochote. Kisha inakuja sentensi ambayo nimeichapa hadi vidole vikaijua vyenyewe: upelelezi bado haujakamilika. Kesi inaahirishwa. Baada ya wiki mbili, tena. Ndugu wa marehemu upande huu wa ukumbi, ndugu wa mshtakiwa upande ule, wiki baada ya wiki, hadi wanajuana, hadi wanaazimana nauli. Niliwahi kuwaona mama wawili, mmoja mwanawe kafa, mwingine mwanawe kashikiliwa, wakigawana chungwa kwenye ngazi. Mwandishi anayeruka kuahirishwa kwa kesi anajinyima chungwa lile.

Kwa hiyo kabla ya kuandika, nenda mahakamani. Kesi husikilizwa hadharani isipokuwa chache, kaa nyuma, zima simu, vaa kistaarabu. Usiandike wakati shahidi anaongea; sikiliza, kaandike nje. Jifunze majina ya vitu: hati ya mashtaka, maelezo ya onyo, kielelezo, na ile fomu ya polisi ambayo kila Mtanzania aliyewahi kupigwa anaijua kwa jina la PF3. Mhusika wako akichomwa kisu na kukimbizwa hospitali, muuguzi ataiulizia. Ukiikumbuka, msomaji atakuamini hata kwa mambo uliyoyatunga.

Na sikiliza lugha. Miaka yangu, shahidi alisema kwa Kiswahili na kumbukumbu ikaandikwa kwa Kiingereza. Sheria ilikuja kubadilika mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Kati ya Kiswahili cha shahidi na Kiingereza cha karatasi kulikuwa na maneno yaliyopotea. Mama mmoja alisema, "Alikuja kishari shari." Nilipoletewa karatasi ya kuchapa, ilisema tu kwamba alikuja akiwa na hasira. Ni vitu viwili. Mwenye hasira ana sababu. Anayekuja kishari anatafuta sababu. Kati ya maneno hayo kulikuwa na miaka ya mtu gerezani. Nikaenda nyumbani nikayaandika maneno yake yalivyokuwa, kwenye daftari langu, na huo ndio mwanzo wa mimi kuandika.

Baiskeli hadi Amboni

Siku moja toka na kibanio chako nje ya kitabu. Mapango ya Amboni yako kilomita zipatazo nane kaskazini mwa mji, baiskeli inafika, na sisi watu wa Tanga baiskeli ni miguu. Humo ndani, miaka ya 1950, alijificha Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi, waliokuwa wakisakwa na serikali ya Mwingereza. Ukimwuliza muongoza wageni utasikia kwamba walikuwa wakiwaibia walowezi na kuwasaidia maskini. Ukimwuliza mzee mwingine hapo nje, atakuambia walikuwa majambazi tu. Utaambiwa pia kwamba kuna njia ya chini kwa chini inayotokea Mombasa.

Usibishe. Andika yote kwenye safu ya kushoto. Kisha simama gizani, taa imezimwa, ujiulize mambo ya safu ya kulia: maji walichota wapi? Nani aliwaletea chumvi? Moshi wa kupikia ulitokea wapi? Mtu anayejificha anahitaji mtu mwingine asiyejificha. Mtafute huyo. Mimi bado namtafuta, na nina kurasa tisini.

Simu

Jambo moja la mwisho kabla sijamwachia mpwa wangu rimoti yake. Ukivipenda vitabu vya zamani usiviige mitambo yake. Mwaka 1965 simu ilikuwa kwa wachache, na swali la kwanza nililojiuliza nikiwa na kile kitabu kilicholiwa lilikuwa: nani hapa ana simu? Leo kila mtu anayo. Lakini usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020, waandishi wengi walilia kwamba mambo yameisha, muuaji hawezi tena kupiga simu. Mimi nilifurahi. Swali limerudi pale pale, limegeuka kidogo tu: laini hii imesajiliwa kwa kidole cha nani? Bibi gani kijijini Muheza alipewa sabuni mbili na kijana mwenye mashine, akaweka kidole, akasahau? Mwandikie bibi huyo sura nzima. Mpe jina zuri.

Nakala kamili ya Simu ya Kifo niliipata nikiwa na miaka ishirini na sita, kwenye kabati la mwalimu mmoja mstaafu. Nikaomba niketi pale pale sebuleni kwake nisome zile kurasa tu. Nilikuwa nimemfunga asiye na hatia miaka kumi na minne. Sikutaja nilimshtaki nani na sitataja, maana wewe hujakisoma. Nilikwenda nyumbani nikatafuta lile daftari la hesabu, nikalipata, nikasoma sababu zangu na kurasa zake. Mbili zilikuwa na nguvu. Ya tatu nilikuwa nimeisoma vibaya kwa sababu taa ya chemli ilikuwa inafuka.

Kurasa zenyewe zilizoliwa zilikuwa kumi na nane. Siku hizi karanga wanafungia kwenye nailoni, lakini wapo bado wachache, upande wa soko la Mgandini, wanaochana vitabu. Ukimkuta mmoja, kabla hujanunua, muulize kinaitwaje.